Misuli ya Mkaguzi wa Magodoro

Jumatatu, 3 Februari

Leo mashine imenitukana mbele ya mama mkwe.

Watu wa afya walikuja kiwandani na mzani wa ajabu. Unapanda miguu mitupu, unashika vishikio viwili, mashine inapitisha umeme kidogo mwilini, wala huusikii, halafu inatema karatasi. Misuli kiasi gani. Mafuta kiasi gani. Na chini kabisa, kwa wino mzito kuliko wote, umri wa mwili. Si umri wako. Umri wa mwili wako. Kumbe ni vitu viwili!

Meneja aliruhusu tuje na jamaa zetu. Mke wangu alikataa, akasema mambo yake na mzani ni siri. Mama yake, anayeishi nasi, akaja.

Nilipanda kwa kujiamini. Mimi ndiye mkaguzi wa magodoro. Kazi yangu ni kulala. Kila godoro linalotoka kwa mafundi linaletwa kwangu, nalala chali, nageuka kushoto, nageuka kulia, nasikiliza springi, napiga mhuri. Ni miaka zaidi ya ishirini sasa. Na uzito wangu haujabadilika tangu siku ya ndoa. Suti ya harusi naivaa hadi leo, mradi nisiongee sana.

Uzito: uleule. Nikatabasamu. Umri wa mwili: sabini na mmoja.

Nina hamsini na tatu!

Nikamwambia daktari wao, binti mdogo tu, kwamba mashine yake mbovu. Akaifuta kwa kitambaa, akaniambia nipande tena. Sabini na mmoja. Akapanda mama mkwe, ambaye ametimiza sabini mwaka jana. Hamsini na minane. Watu wakapiga makofi. Akapanda mkata sponji, tunayemwita Msumari kwa wembamba wake na kwa tabia yake ya kuchoma watu. Ana thelathini na tisa, mashine ikampa thelathini na mitano. Akaisoma karatasi yake kwa sauti. Hakuna aliyemwomba.

Kisha Meneja akaniita pembeni. Kasema kiwanda hakiwezi kuwa na mkaguzi atakayezimika juu ya godoro la mteja. Tutapimwa tena tarehe 17 Machi. Nisipobadilika, nitapumzishwa kwa heshima. Hayo maneno, kwa heshima, yamenitoa jasho. Msumari alikuwa anafunga kamba ya kiatu karibu yetu. Viatu vyake havina kamba.

Njia nzima nimepiga hesabu. Kwa mujibu wa mashine namzidi mama mkwe miaka kumi na mitatu. Yeye ndiye anayepaswa kuniamkia! Nilipofika mlangoni nikamwamkia mimi, shikamoo mama. Akaitikia marahaba kwa sauti ambayo sikuipenda.

Naandika jambo moja ambalo siwezi kumwambia mke wangu. Baba naye alipumzishwa kwa heshima. Alikuwa na umri kama wangu. Wakampa zawadi ya kiti kizuri cha kuegemea, akakikalia. Mwanzo alikuwa anainuka kwa kujisukuma na mikono. Halafu kwa mkono wa mama. Halafu tukawa wawili kumnyanyua. Miguu haikuwa na ugonjwa wowote. Ilikuwa haina kitu tu. Naogopa.

Jumanne, 4 Februari

Nimekwenda kwa daktari kwa kupita uchochoroni, Msumari asinione. Daktari ameniita mzee. Jana kabla ya mashine alikuwa ananiita kaka.

Anasema uzito wangu ni kama nyumba ya kupanga. Vyumba ni vilevile, wapangaji ndio wamebadilika. Misuli imehama polepole, mwaka hadi mwaka, na mafuta yakahamia. Tena misuli si ya kubebea mizigo tu. Ndiyo ghala kubwa la sukari mwilini. Ukila, sukari inaingia humo na kuchomwa humo, hata ukiwa umekaa. Ghala likisinyaa, sukari inazurura kwenye damu kama mzigo usio na mwenyewe. Yangu imefika mpakani. Nikauliza, mpaka wa nini. Akasema, wa kisukari, mzee.

Nikasema basi nimemjua adui, ni mafuta. Akakataa! Mafuta nayo ni ghala, na ni ghala jema yakiwa mahali pake chini ya ngozi na yakiwa na afya. Taabu inaanza yakijaa na kuchoka. Hapo mzigo unamwagika nje, unaingia kwenye ini, kwenye kongosho, hadi katikati ya nyuzi za misuli. Na mafuta yaliyochoka yanatoa vitu vinavyouwasha mwili kidogo kidogo, kila siku, bila homa wala maumivu. Ndivyo mtu anavyozeeka kabla ya siku zake, na hajui.

Nikasubiri aandike dawa.

Hakuandika. Amesema nikae kitini na kuinuka bila mikono, asubuhi na jioni. Nibebe vitu vizito kiasi. Nitembee baada ya kula. Nile maharage, samaki, mayai. Nilale vya kutosha. Nimetoka nikijiuliza kama huyu binti shule aliimaliza. Kubeba vitu ni kazi ya wapagazi. Mimi ni mkaguzi.

Nina mkakati wangu. Kama ghala limejaa, usipeleke mzigo tena. Sitakula. Mwezi wa tatu nitasimama juu ya ule mzani nikiwa mwembamba kumshinda Msumari. Atakoma.

Ijumaa, 7 Februari

Njaa.

Asubuhi chai ya rangi. Mchana maji. Jioni namwambia mke wangu nimekula kazini. Kazini nawaambia nitakula nyumbani. Jana nimeikemea redio.

Leo nimepitiwa na usingizi juu ya godoro la kitanda kidogo. Kulala ndiyo kazi yangu, lakini usingizi ni kosa! Msumari akawaita mafundi waje watazame. Niliposhtuka nikawaambia huo ndio ukaguzi wa kina. Ilibidi nilipige mhuri wa daraja la kwanza, ningefanyaje? Sasa lile godoro limelegea upande mmoja na linakwenda kwa mteja. Roho inanisuta, lakini roho nayo ina njaa.

Habari njema: nimepungua kilo mbili! Nikakimbia kwa daktari nipongezwe. Nikaikuta sura ya msiba. Kanishika mkono wa juu, kanishika paja, katikisa kichwa. Anasema mtu anayejinyima chakula huku amelala, misuli nayo inakatwa, haikatwi mafuta peke yake. Amesema nimefukuza walinzi, wezi nimewaacha ndani.

Nikamuuliza walinzi wanarudi lini. Anasema wepesi kuondoka, wazito kurudi, hasa kwa umri wetu. Wetu! Yeye hajafika hata thelathini na tano.

Jumamosi, 8 Februari

Leo sitasahau.

Mzani wetu wa nyumbani unakaa chini ya kitanda. Mke wangu alikuwa sokoni. Nikaketi sakafuni, nikauvuta, nikatazama, nikausukuma ndani. Nikataka kuinuka. Sikuinuka.

Nikajaribu tena. Miguu ilitii hadi nusu ya safari, ikanirudisha chini. Nikageuka upande, nikapiga magoti, nikashika mguu wa kitanda, kitanda kikanifuata. Jasho likanitoka. Nikamwona baba mbele ya macho yangu, wazi kabisa, na mikono yake ikipapasa hewa.

Mama mkwe alikuwa mlangoni. Sijui alisimama pale tangu lini. Mkwe wako akuone umekaa chini kama mtoto aliyenyimwa pipi! Akakohoa. Akageuza uso, akasema, kana kwamba anaongea na ukuta, kwamba kile kitanda kina nguvu upande wa kichwani, kimeegemezwa ukutani. Akaenda zake jikoni, akaanza kugonga sufuria kwa kelele kubwa.

Nikashika upande wa kichwani. Nikainuka.

Hajamwambia mtu. Mchana kaniwekea maharage mengi kuliko ya wengine, wala hakunitazama. Nimeyala yote. Nilitaka kulia, sijui kwa aibu au kwa njaa. Mkakati wa njaa nimeuacha rasmi.

Jumatano, 12 Februari

Mkakati mpya: mayai. Daktari mwenyewe aliyataja. Misuli hujengwa na mayai, basi nimekula mayai. Ya kuchemsha asubuhi, ya kukaanga saa nne, ya kuchemsha tena mchana. Halafu nalala juu ya magodoro na kusubiri misuli ije.

Haijaja. Limekuja jambo lingine, na mafundi wamehamishia meza zao upande wa dirishani.

Mama mkwe amemuuliza mke wangu kama mumewe anayala yale mayai au anayaatamia. Wamecheka hadi wakashikana mabega. Nimejifanya sijasikia. Nimejipima shavu la mguu kwa utepe wa fundi cherehani. Limepungua. Nikapima mara ya pili kwa kulegeza utepe, nikapata nafuu kidogo.

Msumari ameanza kulala juu ya magodoro saa ya mapumziko. Anasema anajizoeza. Nikamuuliza anajizoeza kwa ajili ya nini. Akasema maisha ni safari ndefu. Mtu anayejibu hivyo ana jambo.

Jumatatu, 17 Februari

Nimeokoka! Nimeupata Mkanda.

Kuna muuza vifaa barabarani, karibu na posta. Ana mkanda mweusi mpana, unaufunga tumboni, una betri mbili na kitufe. Ukikibonyeza unatetemeka. Anasema mtetemo huo unaamsha misuli na kuyayusha mafuta, na mtu hana haja ya kufanya lolote. Nikamuuliza hata akiwa amelala. Akasema hasa akiwa amelala. Yaani mtu ametengeneza kifaa kwa ajili yangu bila kunijua!

Bei sitaiandika.

Nimeuvaa chini ya shati. Haonekani mtu aliyevaa mkanda, anaonekana mtu aliyeshiba. Nilikuwa natetemeka mezani, mke wangu akaniuliza kama nina homa. Nikasema nina furaha. Akanitazama kwa wasiwasi.

Jumatano, 19 Februari

Maji yamenifika shingoni. Naandika huku mikono inatetemeka, na safari hii si kwa mkanda.

Asubuhi niliuvaa, nikauwasha, nikaenda kazini. Ukiuvaa kwa muda mrefu unauzoea kama saa ya mkononi. Unausahau kabisa. Hapo ndipo mkosi ulipoanzia.

Leo ilikuwa zamu ya magodoro ya springi ya hoteli mpya, yanayotakiwa kuondoka wiki hii. Nikalala juu ya la kwanza. Nikasikia springi zinatetemeka. Nikalala kwa utulivu zaidi. Zinatetemeka! Nikalipiga mhuri wa kukataliwa. La pili, hivyohivyo. La tatu. Nikajua tumeuziwa nyaya mbovu, na mimi ndiye niliyezigundua. Nikasema kimoyomoyo, sasa Meneja ataona umuhimu wa mkaguzi mwenye uzoefu. Nikakataa mzigo mzima. Wapagazi wakayapandisha yote ghala la juu, kunakowekwa yaliyokataliwa, huku wakilaani.

Fundi wa springi akaja amefura. Nikamwambia bila woga kwamba kazi yake inatetemeka. Akachana godoro moja mbele yangu. Springi shwari. Akachana la pili. Shwari. Akamwita Meneja.

Meneja akavua viatu, akalala. Kimya. Akageuka kushoto, kulia. Akasema hasikii kitu. Nikasema labda sikio halijazoea. Nikalala kando yake nimwelekeze. Godoro likaanza kutetemeka na Meneja akaruka. Nikasema umeona! Akaniambia nishuke. Nikashuka, likatulia. Akaniambia nipande. Likatetemeka. Kiwanda kizima kikawa kimya, na katika ule ukimya kila mtu akasikia ngurumo ndogo kutoka tumboni kwangu.

Meneja akaweka kiganja chake juu ya shati langu.

Msumari akasema kikulacho ki nguoni mwako. Watu walicheka hadi wengine wakakaa chini. Hata fundi wa springi, ambaye hajacheka tangu nimjue.

Alhamisi, 20 Februari

Hukumu. Hadi siku ya kupimwa, Msumari atalala juu ya magodoro badala yangu. Mimi nitabeba. Kwanza niteremshe mzigo wote wa hoteli kutoka ghala la juu, mwenyewe, kwa ngazi. Baada ya hapo kila godoro Msumari atakalolikubali nilipeleke kwenye gari, na kila atakalolikataa nilipandishe juu.

Nikamwambia Meneja kwamba mimi ni mtu wa sabini na mmoja. Kwa karatasi yake mwenyewe! Akasema basi nipande polepole.

Godoro halina mahali pa kushikia. Ukilikumbatia linakupofusha, ukilibeba kichwani linakukunja shingo, ukiliburuta Meneja anakuita. Nimeanguka nalo mara moja kwenye ngazi. Sikuumia, maana nilianguka juu ya godoro, na nasikitika kusema ni daraja la kwanza kweli.

Msumari amelala chali siku nzima. Alikataa moja makusudi ili tu nilipandishe. Nililiona jicho lake.

Jumatatu, 24 Februari

Ninauawa. Mapaja yanauma, matako yanauma, kuna misuli mgongoni ambayo sikujua kama ninayo, na yote inalia. Kujikuna ni mradi. Nimeshuka ngazi za nyumbani kinyumenyume.

Hofu yangu ni hii. Misuli niliyobakiwa nayo ni michache. Nikiitumia hivi itaisha! Kitu kikitumika kinachakaa, kila mtu anajua, hata soli ya kiatu. Nimekwenda kumlilia daktari aniandikie barua ya kuniondoa kwenye kubeba. Badala ya kunihurumia ameshangilia. Kaniuliza magodoro mangapi, ngazi ngapi, kila siku? Kasema nipumzike siku za mwisho wa wiki, nile vizuri, niongeze maharage, nisiache. Anasema misuli ni kinyume cha kiatu.

Nimegundua ukweli: yeye na Meneja lao moja.

Mkanda bado navaa, nyumbani tu, kila jioni. Ndio tumaini langu pekee. Nikiupata muda wa kulala nao vya kutosha utarekebisha uharibifu wa kutwa. Tena naona siku hizi unafanya kazi kwa upole zaidi, hautetemeki kwa fujo kama mwanzo. Umenizoea.

Mama mkwe amenionyesha namna ya kuinua kitu, nikunje magoti na mgongo uwe wima. Alinionyesha kwa gunia la mkaa. Nikasema asante mama, najua. Sikuwa najua.

Jumamosi, 8 Machi

Usingizi wangu siku hizi ni wa kupigiwa mfano. Suruali inateleza. Nimemlaumu mke wangu kwa kuipanua kiunoni wakati wa kufua. Akaweka suruali zangu zote mezani na kuniambia nizifue mwenyewe.

Jana nimegombana na Msumari kuanzia chini hadi ghala la juu. Alinifuata nyuma akinisimulia jinsi kazi yangu ilivyo nyepesi. Nikamjibu neno kwa neno ngazi zote, godoro kichwani, na kule juu nilikuwa bado nina maneno. Yeye ndiye aliyeishika nguzo akihema. Amenenepa mashavu. Anasema ni furaha.

Lakini wasiwasi haunitoki. Zimebaki siku chache. Nikikaa kitini naogopa kujaribu kuinuka bila mikono. Naegemea meza makusudi, ili nikishindwa niseme niliegemea tu. Baba naye alikuwa na sababu kila mara. Alisema kiti kimeshuka, sakafu inateleza, viatu vizito. Tulimwamini kwa muda mrefu.

Jumapili, 16 Machi

Kesho.

Sijala vizuri, nimefua suruali mbili, nimemwamkia mama mkwe mara mbili asubuhi moja.

Lakini nina mbinu ya mwisho. Mpagazi mmoja mwenye jamaa kwenye mambo ya vipimo kaniambia siri. Ile mashine haioni misuli kwa macho. Umeme wake unapita kwenye maji, na misuli imejaa maji kuliko mafuta. Maana yake iko wazi. Nikijaza maji mwilini, mashine itaona misuli! Kesho alfajiri nitakunywa jagi zima, na lingine njiani. Nitavimba kwa misuli kama fahali.

Jumatatu, 17 Machi

Nilikunywa majagi mawili na la akiba.

Foleni ilikuwa hadi getini. Mbele yangu Msumari, nyuma yangu mama mkwe, aliyekuja tena kwa sababu anasema alifurahia mara ya kwanza. Nilisimama kwa mguu mmoja, halafu kwa mwingine, halafu nikaanza kuimba. Nikatoka kwenye foleni. Nikarudi. Nikatoka tena. Mara ya tatu nilikwenda mbio, na watu wakanipisha kwa huruma. Nilipopanda mzani, maji yote ya hila yangu yalikuwa yameshabaki chooni. Nikafumba macho.

Daktari akaisoma karatasi mara mbili. Nikajiona nakabidhiwa kiti, watu wanapiga makofi.

Akaniambia nikae na kuinuka bila mikono, mfululizo. Nilikunja mikono kifuani na kusema bismillahi. Nikainuka! Nikakaa, nikainuka. Nikaendelea hadi akasema inatosha, nami nikaongeza mara moja ya kumkomoa. Akanichoma kidole, akatazama sukari. Imerudi nyuma ya mpaka. Uzito: kilo moja chini ya ule wa ndoa. Umri wa mwili: sitini na mmoja.

Nikakaa chini ya ukuta, pale pale sakafuni, nikalia mbele ya watu. Sikujali. Kisha nikainuka bila kushika kitu, na mama mkwe akakohoa kile kikohozi chake na kutazama pembeni. Mara hii nilimwona anatabasamu.

Daktari akaniuliza nimefanya nini. Nikamwambia ukweli mtupu: Mkanda. Akauliza, na nini kingine. Nikasema hakuna kingine, nilikuwa kwenye adhabu, hata nafasi ya kufanya mazoezi sikuipata. Akaandika kwenye karatasi yangu: kubeba magodoro. Mkanda hakuuandika! Wivu wa kitaalamu.

Msumari: arobaini na mitatu. Akadai mashine mbovu. Ikafutwa kwa kitambaa. Arobaini na mitatu. Wiki chache tu za kulala chali, jamani!

Jioni nimeutundika Mkanda ukutani sebuleni, mahali pa heshima, nikamweleza mke wangu jinsi ulivyoniokoa. Akashika kichwa. Anasema betri alizitoa mwenyewe wiki ile ya aibu, akaziweka kwenye saa ya ukutani. Muda wote huo nimekuwa nikivaa mkanda mtupu.

Nimekaa nikatafakari sana. Kumbe una nguvu kiasi hicho, hata bila betri!

Jumanne, 18 Machi

Meneja amenirudishia mhuri wangu. Nimepona! Sipumzishwi, si kwa heshima wala bila heshima. Amesema pia kwamba kama nitapenda kuendelea kubeba machache kila siku kwa hiari, yeye hana kipingamizi, na daktari atafurahi. Nilicheka. Nilidhani ni mzaha.

Msumari alikuwa amekaa peke yake kwenye mabaki ya sponji, ameshika karatasi yake. Nikamhurumia. Nimemwazima Mkanda. Nimemwonya asiuwekee betri, zinaupunguzia nguvu.

Halafu nimepanga utaratibu mpya. Mafundi waniletee magodoro hadi nilipolala, wayapange moja juu ya jingine, nami niwe nateremka tabaka baada ya tabaka bila kusimama. Chakula cha mchana nitaletewa palepale. Nyumbani nimemwomba mke wangu ahamishie kitanda karibu na mlango, nisitembee bure. Mama mkwe ameuliza kwa nini. Nikamweleza kwa adabu zote. Misuli hii nimeipata kwa taabu, mama. Kuanzia leo siitumii ovyo.